Kipande cha Nyamvula

Tangu asubuhi Yunesi hakutulia. Alifagia palipokwisha fagiliwa, akageuza vipande vya sabuni juu ya rafu ya duka lake, akarudi kuvigeuza tena. Kila kipande kilikuwa kimechongwa uso wa Nyamvula, mungu wa kike wa mvua katika hadithi za mji ule, na maharusi wote walitaka kuogea sabuni hiyo. Yunesi alikuwa amefunga, akimwomba Mungu amwonyeshe kama aendelee kuiuza.

Shangazi wa bibi harusi akaingia bila hodi. "Sabuni ya mwali wetu iko wapi? Maji yanachemka!"

"Sijaipima, shangazi. Huwa naigusa kwa ulimi. Ikiuma, bado mbichi, itambabua ngozi. Nami nimefunga, hakipiti kitu mdomoni. Onja wewe."

"Mimi? Kwa ugoro huu, ulimi ulishakufa ganzi! Na umefungia nini?"

"Huyu Nyamvula."

Shangazi akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi malizaneni wewe na Mungu wako, mimi nina harusi!" Akachukua kipande kimoja rafuni, akakifunga kwenye pindo la kanga, akatoka.

Yunesi akapiga magoti, lakini sala haikwenda. Kila alipofumba macho alimwona mwali, mgongo wazi, akingoja povu. Akainuka, akakimbia barabarani.

"Shangazi, simama!"

Akamnyang'anya sabuni. "Baba, nisamehe," akanong'ona, akaubandika ulimi usoni pa Nyamvula. Wapita njia wakasimama. Yeye akafumba macho, ulimi nje, akingoja.