Mawe ya Daraja

Bi Mishi alishona pazia jekundu la kufunikia jiwe la msingi, kama alivyowashonea viongozi wote waliotangulia. Daraja lenyewe halikuwahi kujengwa. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, na masika yalikuwa yamekwisha kubisha hodi.

Kiongozi mpya alivuta kamba, jiwe likaonekana, vigelegele vikapigwa. Alipowataja waliochukuliwa na maji mwaka jana, sauti ilimkatika, akajifuta machozi. Bi Mishi akamwonea imani. Waliomtangulia nao walilia.

"Mama, mbona mawe ya zamani siyaoni?" kiongozi alimuuliza akimrudishia pazia lake.

"Ukingo ulimeguka, mheshimiwa, yakatumbukia mtoni. Ndiyo yale tunayokanyaga tukivuka."

Kiongozi akatazama. Wanawake walikuwa wakiruka kutoka jina la kiongozi mmoja hadi la mwingine, viatu mkononi, mpaka mawe yalipokwisha nao wakazama hadi kifuani.

"Hili halitaanguka, mama. Nakuahidi."

"Likianguka, mheshimiwa, tutakuwa tumefika katikati." Bi Mishi hakusema kwa kejeli. Alikuwa akikadiria tu.

Magari yakaondoka na vumbi lake. Pili, bintiye, aliyekuwa mja mzito wa kujifungua wakati wowote, alijikongoja akaketi juu ya jiwe jipya apumzike. Bi Mishi alilikunja pazia taratibu, kamba akaiacha humo humo.

Kule milimani mto unakotoka, mbingu ilikuwa nyeusi tii.