Jogoo Asiyeuzika

Mkono wa kikombe cha Dina ulikuwa umefungwa uzi mwekundu wa kufumia. Sahani yake nayo ilikaa peke yake, juu ya debe, kama mgeni asiyetakiwa.

"Ili mtu asikosee," alisema mama mkwe wake, Bi Elizabeti. "Humu ndani kuna mtoto."

Huyo mtoto, Eliana, alikuwa wa Dina mwenyewe, wa kumzaa. Lakini Dina alishapoteza haki ya kujibu. Yeye, mwalimu mzima wa shule ya msingi, alikuwa ameonekana hospitali, kule Nduguti, akitoka kwenye mlango ulioandikwa Ushauri Nasaha. Na watu wa huku wanajua, au wanadhani wanajua, mlango ule ni wa wagonjwa gani.

"Nimepima, Mama. Sina virusi."

"Wote husema hivyo."

"Nimechoka tu. Akili ndiyo imechoka."

"Imechoka! Mimi nimelima, nimezaa saba, nimezika watatu, na kesho yake nikarudi shambani. Umeniona nimechoka lini?"

Hakuna aliyewahi kumwona. Bi Elizabeti alikuwa na ulimi ambao, upepo wa Singida ukiupa lifti, ungefika Manyoni kabla ya basi. Kitu kimoja tu kilikuwa kimemshinda duniani: kumuuza jogoo wake. Kila Alhamisi mchana alimtia kwapani, jogoo chongo, akaenda naye sokoni Nduguti. Kila Alhamisi jioni akarudi naye. "Bei za kishenzi," alikuwa akisema, na ole wake atakayecheka. Jogoo yule alishafika wilayani mara nyingi kuliko diwani.

Jumapili baada ya ibada, kikao kikakaa. Baba mdogo Chediel alikalia kiti chenye mto. Amosi, mume wa Dina, alikaa pembeni akibandua matope kwenye kiatu, kazi aliyoifanya kwa bidii kuliko kawaida yake.

"Haya, mwalimu," alisema Baba mdogo. "Tueleze hicho unachokifuata kule."

Dina akaeleza. Jinsi alivyosimama mbele ya darasa la saba, chaki mkononi, akasahau saba mara nane. Jinsi kengele ya asubuhi ilivyomtia kichefuchefu. Jinsi alivyomchapa mtoto kwa kosa la kukohoa, kisha akaenda kujifungia stoo ya majembe akalia. Mshauri, dada mmoja anayeitwa Rukaiya, alimwambia huo si uvivu wala si pepo. Ni mzigo uliozidi, uliobebwa muda mrefu bila kutuliwa.

"Alisema mimi ni kama alizeti iliyokwisha kukamuliwa. Mashudu hata uyarudishe kwenye mashine, mafuta hupati. Kwa hiyo kila Jumanne tunaongea, pole pole, mpaka nijue pa kupunguza."

"Wanaongea!" Bi Elizabeti alisimama, kanga ikamponyoka begani. "Ugonjwa gani unatibiwa kwa maneno? Ukae kwenye kile kiti kinachoyumba, uulizwe 'usiku unalalaje?', ulie, upewe maji ya kunywa, urudi nyumbani? Hiyo ni dawa au ni maigizo?"

Wanaume wakacheka. Dina akamgeukia mumewe.

"Amosi, sema neno."

"Mama ameshasema," Amosi alikiambia kiatu.

Baba mdogo akatoa hukumu. Dina akikanyaga tena mlango ule, asirudi pale. Apitilize moja kwa moja hadi kwao Kintinku. Eliana atabaki.

"Si atanisahau?" Dina aliuliza.

"Mtoto akishiba husahau," Bi Elizabeti alijibu, akakiweka kikombe chenye uzi mbele yake. "Kunywa chai yako, inapoa."

Jumanne Dina hakwenda. Jumatano alisimama ubaoni hadi kengele ikalia, hajaandika hata tarehe, na watoto, kwa mara ya kwanza tangu shule ile ijengwe, hawakupiga kelele. Mmoja alikuja mbele, akaitoa chaki mkononi mwake, akairudisha kwenye kasha.

Alhamisi, baada ya ugali wa mchana, Bi Elizabeti alijifunga kanga, akamnyaka jogoo, akatoka.

"Nikirudi nikute maji yamechotwa," alisema bila kugeuka.

Dina alimsindikiza kwa macho mpaka alipomezwa na alizeti. Sokoni hatoki kabla ya jioni. Akaenda kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akapanda bodaboda, akamwambia dereva apite njia ya nyuma, ile isiyoligusa soko. Alikuwa amekata shauri: kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa na akili zake, ili siku akimfuata mwanawe ajue la kusema.

Mlango wa Ushauri Nasaha ulikuwa umefungwa. Ndani kulikuwa na mtu analia, kilio kikavu cha kukwaruza, kama pampu ya kisima iliyokaa miaka bila kuguswa. Sauti ya Rukaiya ilisikika kwa mbali ikisema, "Usiharakishe. Tupo."

Dina akaketi kwenye benchi kungoja zamu, akajifunika mtandio hadi puani asije akatambulika.

Kitu kikamdonoa kidole cha mguu.

Akainama. Chini ya benchi, mguu wake mmoja umefungwa kwa uzi mwekundu wa kufumia, jogoo chongo alikuwa akimtazama kwa jicho lake zima.