Mashuka Makavu

Kwa sheria ya kituo kilichojengwa juu ya mwezi, anayefanya kazi huko hupiga simu nyumbani mara moja tu kwa mwezi, jioni ile mwezi unapoandama. Siku mbili tatu kabla ya hapo, mwezi usipoonekana kabisa, nyumba yetu ya Mikindani huwa kama ya msiba. Mama hapiki cha maana. Anaamini dada yangu Zulfa, fundi wa mitambo ya hewa, amezimikiwa taa huko juu. Nimemweleza mpaka nimechoka.

Jana magharibi mwezi uliandama, mwembamba kama ukucha, na simu ikalia.

“Zulfa mwanangu, umeponaje na giza lile?”

“Giza gani, Mama? Siku mnazoukosa mwezi, sisi huku tunaiona dunia nzima, pevu, inang'aa. Natembea nje bila tochi. Hebu tazama vizuri ndani ya mkunjo wa mwezi. Huoni duara lililofifia?”

Mama alikaza macho. “Naliona. Kama moshi.”

“Basi hapo ndipo nilipo. Jua linawamulika nyinyi, na mwanga wenu unafika huku. Nyinyi ndio mnaoniwashia taa.”

Dakika tatu tunazoruhusiwa zikaisha, simu ikakatika.

Leo saa saba mchana nimemkuta Mama uani, jua kali, anaanika mashuka yetu yote meupe. Nikagusa moja. Halikuwa limefuliwa.

“Mama, mbona haya makavu?”

“Najua. Vuta upande wako, lisikunjike.”

Nikavuta.