Shimo la Kilomita ya Kumi na Mbili

Tairi langu lilipata pancha kwenye shimo ambalo wakubwa wa barabara wamelilea miaka saba kama mtoto wao.

Tangu mke wangu afariki, natafuta mwenzi wa kuendesha naye baiskeli siku tisa mpaka ziwani. Wawili niliowajaribu waliniacha kwenye pancha kama hii, eti tutakutana mbele. Nikaapa: huyu wa tatu, mkunga mstaafu aniitaye shemeji kwa utani tu, akiniacha, baiskeli naiuza.

Alishuka. Akachomoa tyubu, akaipaka mate kwa kidole mpaka yakatoa povu. "Hapa!"

Alipokwisha kubandika kiraka na kurudisha tyubu, nikaanza kuwalaani wakubwa.

"Walaani, shemeji, lakini huku unapiga pampu. Mdomo haujazi tairi."

Nikapiga pampu. Nikacheka, mimi!

"Na tukifika ziwani," akauliza, "tutarudi kwa njia hii hii?"