Siku Mado Alipokaribishwa Ndani

"Mama, nataka kumuoa Mado."

Jamna aliacha kupepeta mchele. Mansukh, mwanawe wa pekee, alikuwa amesimama mlangoni, ametoka dukani mbele ambako baba yake alikuwa akipima vitambaa. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka, kama za Wahindi wengine wa Kasongo, huko Kongo.

"Mado yupi?"

"Anayetuletea mchele. Yule wa Kabambare."

Soko zima lilimjua Mado. Nywele zake zilifika mgongoni, na watu walisema babu yake lazima alikuwa mmoja wa wale Waarabu wa zamani. Alikuwa mwepesi wa kucheka. Yeye na Mansukh walipendana kwa maneno ya dukani tu, maana jua likizama, sheria ya Wabelgiji ilimtaka mtu mweusi awe ameshatoka mtaa ule.

"Mama yake ni nani?"

"Aliitwa Léontine. Alishakufa."

Jamna aliweka ungo chini. Kule mbele, Devji, mumewe, aliyesikia yote, alifunga duka mchana kweupe, akaondoka bila kofia.

Mansukh alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alitegemea kuambiwa kwamba amewatia aibu, kwamba Wahindi wote hadi Kindu watawatenga. Hakuambiwa neno.

Kesho yake Jamna, ambaye hakuwahi kusafiri peke yake tangu aletwe kutoka Gujarati, alipanda lori la pamba kwenda Kabambare. Aliporudi, sari yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi na macho yamemvimba.

"Umewaona watu wake?" Mansukh aliuliza.

"Nimewaona. Mama yake mdogo amenipikia, nikala. Tumezungumza sana."

Mansukh alishangaa. Mama yake hakuwahi kula nje ya jiko lake.

"Kwa hiyo?"

Jamna alimshika shavu, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mtoto. "Mlete Jumapili. Mado ataingia nyumba hii kwa heshima zote."

Jumapili ile Mado alikuja amevaa kitenge kipya. Alitaka kukaa kwenye ngazi, mahali pa wateja. Jamna alimshika mkono, akamwingiza hadi ndani. Alimvua kilemba, akamchana nywele polepole, akamfunika sari yake mwenyewe ya hariri.

"Toka leo hii nyumba iko yako," alimwambia. "Hakuna mutu atakufukuza hapa. Umesikia, mutoto wangu?"

"Nimesikia, mama. Aksanti." Mado alilia na kucheka kwa pamoja.

Mansukh alitamani kumwinamia mama yake miguuni. Alimtazama baba yake apate kushiriki naye furaha ile, lakini Devji alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Jamna alitoka jikoni na sinia. Juu yake kulikuwa na taa ndogo ya samli, halua, na uzi mwekundu. Mansukh alipouona ule uzi, tabasamu lilimganda usoni.

Jamna alimwekea Mado sinia mikononi.

"Kwa dini yetu, leo iko siku ya dada kumufunga kaka yake uzi, na kaka anamulinda mupaka kufa," alisema. "Mufunge Mansukh, mutoto wangu. Baba yenu ni mumoja."