Gundi Mbichi

Simu ya Tuulikki iliwaka mezani, nami nikausoma ujumbe kabla sijajizuia. Ulitoka kwa kaka yake, aliyekuwa hospitali ya ng'ambo ya barabara: "Baba amefumbua macho. Anakuita. Wahi!"

Tuulikki alikuwa amelala chali mbele yangu, kafumba macho. Nilikuwa nimetoka kumbandika kope bandia ya mwisho, na gundi bado mbichi. Wiki nzima mzee wake alikuwa hajitambui. Manesi wenyewe ndio waliomtimua binti aende akapumue.

"Nani huyo?" akauliza.

Mwalimu aliyetufundisha kazi hii alikuwa mkali kuliko baridi ya Januari ya huku kwenye theluji. Mteja asifumbue macho, asilie, hata kwa furaha. Chozi likikutana na gundi mbichi, mvuke wake unaunguza jicho.

"Matangazo ya biashara tu," nikasema, nikawasha kifeni.

"Mbona kifeni mapema hivi?"

"Gundi ikauke haraka, dada."

"Haya, fanya upesi nirudi kwa mzee. Nikamsimulie nilivyorembeka, hata kama hasikii."

Nikakisogeza kifeni karibu. Kope zilitikisika kama manyoya ya kifaranga. Nikaigusa moja kwa ncha ya kibanio. Ilikuwa bado inanata.

Simu ikawaka tena. "Uko wapi? Anafumba macho tena!"

"Matangazo tena?"

Nikaenda mlangoni alikoviacha viatu vyake vya theluji, nikarudi navyo, nikapiga magoti.

"Usifumbue macho, nitakushika mkono tuvuke barabara," nikamwambia, nikaanza kumvalisha.