Turubai la Akwero

Akwero alipoona sare za askari wa jiji zikiingia sokoni, mkono wake ulidaka kamba kabla hajafikiri. Turubai alilopangia viatu mezani lilikuwa na kamba kila pembe. Miaka yote ya kuuza kando ya barabara ya Kawempe, kila walipotokea alikuwa akivuta mara moja tu, mzigo unakuwa furushi, naye anatimua mbio.

"Mama, unataka kukimbia nini?" afisa akauliza. "Hii kibanda si sisi ndio tulikupa? Nimekuja kuona kama stima imewaka."

Akwero akainua macho. Taa iliwaka juu ya viatu vyake.

Polepole akaiachia kamba. Ilikuwa imemchora kiganjani.

"Jirani," akamwita seremala wa kibanda cha pili, "niazime nyundo. Turubai hili nalipigilia mezani."